Jogoo Akiumia: Huduma ya Kwanza na Matunzo ya Nyumbani

Katika ziara zetu tumeulizwa mara nyingi juu ya magonjwa ya kuku, yaani kideri, ndui, kuhara na mengineyo. Safari hii tutazungumza juu ya jambo ambalo haliulizwi sana, maanake karibu kila mtu anadhani jawabu analo: kuku akiumia, achinjwe basi. Tutamzungumzia hasa jogoo, au jimbi kama wenyeji wa Mombasa wanavyomwita. Mengi ya haya yatamfaa kuku jike pia.

Kilichotufanya tuandike ni mkasa wa kikundi kimoja cha akina mama hapa Makadara. Wako 14, Wakristo na Waislamu pamoja. Waliona majogoo wa mtaani wamekuwa wa ukoo mmoja na vifaranga wanatoka dhaifu, wakachanga pesa wakanunua jogoo mkubwa kutoka upande wa Kilifi kwa shilingi 1,500. Wakapatana awe wa kikundi chote, akae kwa kila mwanachama majuma mawili kisha ahamie kwa mwingine. Mpango mzuri, nasi tuliusifu. Zamu ilipofika kwa mama wa tano, asubuhi moja mlango wa ua ukaachwa wazi. Jogoo akatoka kichochoroni, akakutana na jimbi la jirani, wakashikana. Katika kufukuzana wakaingia njiani, na pikipiki ikamkanyaga mguu.

Sisi tulikuwa na mkutano nao siku hiyo saa nane mchana. Tulipofika tulimkuta jogoo ndani ya karai, upanga wake wa kichwani umechanika, damu imemwagika mpaka shingoni, mguu wa kushoto unaning'inia. Kidonda cha pajani kilikuwa kimekwisha pakwa oili chafu ya gari. Watu wamemzunguka na kila mmoja ana lake. Bibi mmoja mtu mzima akasema, "Kwani jimbi naye apelekwa sipitali? Mchinjeni, mule, mununue mwengine." Mwenye zamu alikuwa ameketi kando akilia, kwa sababu wawili watatu walikuwa wameshaanza kusema atalipa yeye. Hapo tukaona kwamba jambo lenyewe ni la jogoo na ni la amani ya watu 14 pia.

Amua kwanza: kumtibu au kumchinja

Jambo hili tunaliweka mbele kwa makusudi. Uamuzi wa kumchinja hufanywa saa ya kwanza, kabla hajatiwa dawa yoyote. Akishapigwa sindano au kunyweshwa dawa ya daktari, nyama yake hailiwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite. Tena ndugu zetu Waislamu hawali mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, na sisi wengine pia hatushauri mtu yeyote kula kuku aliyejifia mwenyewe, kwa sababu za afya. Kwa hiyo ukingoja mpaka jioni uone kama atapona, unaweza kukosa yote mawili, jogoo na kitoweo.

Basi angalieni hivi. Kama tumbo limepasuka na matumbo yanaonekana, au mguu umekatika na kubakia ngozi tu, au amelala ubavu hawezi kuinua kichwa, msimtese. Mwiteni anayejua kuchinja vizuri na upesi. Kama anaona, anageuza kichwa akisikia sauti, na damu inaweza kuzuilika, ana nafasi nzuri. Kuku ni mgumu kuliko tunavyodhani. Upanga uliochanika, jeraha la ngozi, kucha iliyong'oka, bawa lililoteguka, hata mfupa wa mguu uliovunjika chini ya goti bila kutokeza nje, vyote hivi vinaweza kupona nyumbani.

Swali jingine la haki ni hili: je, akipona atafanya kazi ya jogoo? Jogoo humpanda jike kwa kusimama juu ya mgongo wake, na anahitaji miguu miwili yenye nguvu. Mguu ukipona kombo atakula na kuwika, lakini huenda mayai yasiwe na mbegu. Kwa kikundi kilichomnunua kwa ajili ya uzazi, hilo ni la kufikiriwa. Kwa mtoto aliyemlea tangu kifaranga si hoja.

Kumshika

Usimkimbize. Kuku aliyeumia akikimbizwa uani huongeza damu na hofu, na wengine hufa kwa mshtuko tu huku kidonda chenyewe si kikubwa. Chukua kanga au taulo, mrushie taratibu, mkunje mabawa yaingie mahali pake, mfunike kichwa kidogo. Akiwa gizani hutulia. Mkumbatie ubavuni mwako kichwa kikiwa nje ya nguo.

Ila usimbane kifua. Kuku hana kiwambo cha pumzi kama sisi. Anavuta hewa kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Ukimkaza kwa mkono kifuani, au ukimfunga kanga kama mtoto mchanga, anaweza kukosa pumzi mikononi mwako na wewe unadhani ametulia. Wala usimning'inize miguu juu kichwa chini, kama tunavyoona kila siku kwenye matatu za kutoka Kwale na Kilifi. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbeba mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu, na inakataza kupiganisha wanyama. Kuku naye yumo. Tunalisema hili kwa sababu wapo vijana wanaopenda kushindanisha majimbi ya kuchi, wale warefu wenye shingo ndefu ambao pwani yetu inajulikana kwao toka Lamu hadi Unguja, halafu majeraha wanaletewa akina mama wayatibu.

Kuzuia damu

Jogoo wa kilo 2 ana damu kiasi cha mililita 140 hivi mwilini mwake mwote. Hiyo haifiki nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Vijiko viwili vya kulia chakula vikimwagika, ameshapoteza sehemu ya tano. Kwa hiyo damu ndiyo ya kwanza, mengine yatangoja.

Chukua kitambaa safi kilichopigwa pasi au chachi, bonyeza juu ya kidonda kwa kidole, uhesabu dakika tano kamili bila kuchungulia. Ukichungulia kila mara unaibandua ile damu iliyoanza kuganda. Ikiwa bado inatoka, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza, bonyeza tena. Upanga na ndevu zile nyekundu za chini ya mdomo hutoka damu nyingi ya kutisha, lakini hunyamaza zikibonyezwa. Kucha au kipi kikivunjika, yaani ule mwiba wa nyuma ya mguu, unaweza kukigusisha kwenye unga wa ngano mkavu ndipo ukabonyeza. Huo unga ni wa kucha na kipi tu. Usiutie ndani ya kidonda kilicho wazi.

Majogoo wenye manyoya mapya wana jambo lao. Unyoya unaoota una damu ndani ya kikonyo chake, na ukivunjika hutiririka kama bomba. Bonyeza vivyo hivyo. Mara nyingi inatosha.

Kusafisha kidonda

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, na sisi wenyewe tulichangia. Miaka ya nyuma tuliwahi kusimama mbele ya vikundi tukaruhusu mafuta ya taa yapakwe, kwa sababu yanafukuza nzi. Ni kweli yanafukuza nzi. Lakini yanaunguza nyama mbichi, ngozi hupenya sumu yake, na kuku akijidona anaimeza. Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi, ina mabaki ya vyuma na moshi wa injini. Tumbaku ya kunusa, majivu ya jikoni, maji ya betri, pilipili, spiriti, yote acheni. Ile dawa ya rangi ya zambarau iliyokuwa kila nyumba nayo wataalamu wa usalama wa chakula hawaikubali tena kwa mnyama atakayeliwa au kutoa mayai, baada ya kuonekana kwamba inaweza kuleta saratani.

Kinachofaa ni kitu rahisi kuliko vyote. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilicho sawa bila kilima, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Punguza kwa mkasi manyoya yaliyozunguka kidonda, usiyang'oe. Mwagia hayo maji kwa wingi, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa mfuko mpya wa nailoni uliotobolewa pembeni ili yatoke kwa nguvu kidogo. Uchafu utoke na maji, usiusugue. Yule jogoo wa Makadara tulitumia karibu lita moja na nusu mpaka oili ilipoisha, na manyoya tuliyaosha kwa sabuni kidogo ya mche bila kuigusisha nyama.

Ukishasafisha, unaweza kupaka ayodini ya duka la dawa, ile isiyounguza, ikichanganywa na maji yaliyochemshwa mpaka iwe na rangi ya chai ya strungi hafifu. Kama hakuna, asali safi kidogo inafaa juu ya kidonda kilichokwisha kusafishwa, lakini hapa pwani sisimizi watakuwa hapo kabla hujageuka, kwa hiyo funika kwa chachi na weka miguu ya meza au kiti alipolazwa ndani ya vikopo vya maji. Watu wengi huuliza juu ya manjano kutoka Marikiti. Hatuwezi kusema ni sumu, bibi zetu wameitumia. Lakini manjano ya kupimiwa sokoni imekaa wazi, imeshikwa na mikono mingi, na vumbi lake hugandamana kidondani hata usione kama kuna usaha. Sisi tunaipendelea kwenye mchuzi.

Jeraha dogo liache wazi likauke. Kidonda kirefu kilichofunuka kishonwe na daktari wa mifugo. Msijaribu kwa uzi wa nguo.

Tunatoa onyo juu ya paka, na Mji wa Kale hauna uhaba wa paka. Jino la paka huacha tundu dogo kama la sindano, juu pameziba na ndani vijidudu vinazaana. Kuku aliyeng'atwa na paka hutakiwa kuonwa na mtaalamu siku hiyo hiyo au kesho yake, hata kama anaonekana mzima.

Nzi na funza

Joto letu la pwani halisamehi. Nzi akitaga kidondani asubuhi, kesho yake unaweza kukuta funza. Kwa hiyo kidonda kiangaliwe mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya jua kuchwa, hasa sehemu za karibu na mkia ambazo kinyesi hushika. Ukiona funza usitapike wala usikate tamaa. Mwagia yale maji ya chumvi, watoe mmoja mmoja kwa kibano, rudia baada ya saa chache, na mhamishe jogoo mahali penye chandarua. Kipande cha chandarua kilichochakaa kikishonwa juu ya boksi kinatosha kabisa.

Mguu na bawa

Kwanza hakikisha kwamba ni kuumia kweli. Jogoo aliyepooza miguu yote miwili bila jeraha, au amepinda shingo, au anahara kijani, huyo hakuanguka. Mshuku ugonjwa, na kideri hasa. Mtenge mbali, usimpeleke kwa jirani kuombewa ushauri, mwite afisa wa mifugo. Chanjo ya kideri ya tone moja jichoni, ikirudiwa kila miezi mitatu au minne, ni ya bei ndogo, nayo vikundi vingi huchangia chupa moja.

Vile vile tazama kidole kwa kidole. Mitaa iliyo karibu na bandari ya kale ina jambo ambalo nyinyi wa bara hamlijui: mishipi ya kuvulia iliyotupwa. Kuku anapopekua takataka, ule uzi wa nailoni humzonga mguuni, unakaza kidogo kidogo, unaingia ndani ya ngozi mpaka hauonekani. Mwenyewe anamwona anachechemea tu. Kidole kikiwa kimevimba na kuwa baridi au cheusi, tafuta uzi. Ukate kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, loweka mguu katika maji ya chumvi vuguvugu, uutoe wote. Nyuzi za mashine za mafundi cherehani na nywele bandia za saluni hufanya vivyo hivyo.

Mguu uliovunjika sehemu ile yenye magamba unaweza kufungwa gango. Gango ni vijiti viwili laini, vile vya aiskrimu ni vizuri, au mrija mnene wa soda uliopasuliwa kwa urefu. Kwanza zungushia pamba au kitambaa laini, nyoosha mguu polepole ufanane na mwenzake, weka kijiti upande huu na huu, kisha zungusha plasta. Usikaze. Baada ya saa moja shika vidole: viwe na joto kama vya mguu wa pili. Vikivimba au vikipoa, fungua ufunge upya. Mifupa ya ndege huunga upesi, majuma matatu hivi, kama hasumbuliwi.

Bawa lililoning'inia likunje jinsi linavyokaa siku zote, kisha pitisha utepe wa kitambaa kuzunguka mwili, chini ya bawa zima, upana wa vidole vitatu, ulegee kiasi cha kupitisha kidole. Majuma mawili mpaka matatu. Lakini ikiwa mfupa wa juu wa bawa, ule wa karibu na bega, umevunjika na kutokeza nje, usimwagie maji hata kidogo. Mfupa huo una nafasi ya hewa ndani inayoungana na njia ya pumzi. Ukimimina maji pale ni kama kumzamisha baharini. Funika kwa chachi kavu, umpeleke kwa daktari. Mtu akishalijua hili halisahau, ndiyo maana tumelirefusha.

Mguu uliovunjika juu, pajani, haufungiki nyumbani. Mpumzishe tu ndani ya boksi dogo na umwite mtaalamu.

Wodi yake

Boksi la katoni lililotobolewa matundu, chini magazeti na juu yake makuti makavu au vumbi la mbao lisilo jembamba sana, mahali penye kivuli na kimya. Kuku wanapenda kudona kitu chekundu, na wenzake watamtoboa mpaka wamuue, hata kama jana walikuwa wakimtii. Kwa hiyo ni lazima awe peke yake. Vitabu vingi vinasema mgonjwa apewe joto. Hiyo ni sawa usiku wa mvua za Mei. Lakini Januari mpaka Machi katika nyumba yenye paa la mabati, joto linamtosha. Akihema mdomo wazi na kutanua mabawa, muondoe hapo.

Maji kwanza, chakula baadaye. Kwa siku ya kwanza tu unaweza kumpa maji ya nguvu kama tunayowapa watoto wanaohara: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Weka kwenye kikombe kizito asichoweza kukipindua. Asipokunywa, dondosha tone moja moja pembeni ya mdomo, ameze mwenyewe. Usimfungue mdomo ukamimina, kwa kuwa tundu la pumzi la kuku liko pale pale nyuma ya ulimi, na majogoo wengi wameuawa na huruma ya kijiko. Chakula kiwe laini: chakula cha kuku kilicholowekwa, wali mkavu wa jana, yai la kuchemsha lililopondwa, dagaa wa kusaga, mchicha. Akila vizuri siku ya pili, mshukuru Mungu, maana hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote.

Juu ya dawa za watu tutasema kifupi. Zile kapsuli za rangi mbili zinazouzwa moja moja, msimfungulie jogoo mdomoni. Hamjui kipimo, na vijidudu vinavyozoea dawa kwenye kuku hatimaye vinamrudia mtu. Vidonge vya maumivu vya nyumbani navyo si vya kubahatisha. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti yenu. Na sheria ya mwaka 2011 inataka madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wasajiliwe. Mtu akija na mkoba wa sindano, si utovu wa adabu kumwomba kitambulisho chake.

Anayemhudumia naye anawe mikono kwa sabuni kila mara. Akichomwa na kipi, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, na kama ni la kina aende hospitali akaulizie sindano ya pepopunda. Walio jirani zetu wanayo hospitali kuu ya Pwani, ambayo wengi bado wanaiita Makadara tu.

Vifaranga na kunguru tumewaacha kwa leo. Kunguru hawa wa India ni vita peke yake; Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori lilitangaza shabaha ya kuwapunguza kwa milioni moja kabla ya mwaka kwisha, na bado tunawasikia asubuhi kuliko majogoo.

Jogoo wa watu 14

Turudi kwa wenzetu. Baada ya damu kunyamaza na mguu kufungwa, tuliwaomba wakae wazungumze kabla hatujaondoka, kwa sababu neno likilala usiku mmoja hukua. Katiba ya kikundi ilisema jogoo ni mali ya wote, lakini haikusema neno juu ya ajali. Wengine walisema mlango uliachwa wazi, kwa hiyo ni uzembe. Mwenye zamu akaeleza kwamba komeo la mlango lilikuwa bovu tangu zamani, na kila mwanachama aliyewahi kumtembelea alilijua. Hapo wakanyamaza kidogo. Yule bibi aliyetaka jimbi lichinjwe ndiye aliyesema, "Sasa mwamlipisha mwenzenu kwa mlango wa mwenye nyumba?"

Wakapatana hivi, na tunayaandika kwa ajili ya vikundi vingine vyenye mnyama wa shirika, awe jogoo, beberu au fahali. Matibabu ya ajali yatoke mfuko wa kikundi. Mwenye zamu atoe kazi ya kumuuguza. Kabla mnyama hajahamia nyumba mpya, wanachama wawili waende kukagua banda, mlango na maji, waweke sahihi katika daftari. Mnyama akifa kwa kitu ambacho wakaguzi walikiona wakanyamaza, hasara ni ya wote. Na uamuzi wa kuchinja uwe wa watu watatu waliochaguliwa, wanaopatikana kwa simu, ili asitokee mmoja akachinja kwa huruma na mwingine akamshtaki kwa tamaa.

Matumizi yote yalifika shilingi 620, pamoja na nauli ya afisa wa mifugo aliyekuja kesho yake akalirekebisha gango letu. Alisema tulikuwa tumekaza kidogo.

Kitu kimoja kiliwafurahisha wenye majike. Walidhani jogoo akiwa wodini, mayai yote ni ya kukaanga. Sivyo. Jike huihifadhi mbegu mwilini mwake, na mayai yake yanaweza kuendelea kuwa na uhai kwa siku kumi hivi, pengine zaidi, tangu alipopandwa mara ya mwisho. Kwa hiyo waliyakusanya ya siku hizo wakayaatamisha.

Kumrudisha kwa wenzake kulichukua siku sita. Aliwekwa ndani ya tenga katikati ya ua, wakamwona na kumzoea bila kumfikia, kisha usiku wa siku ya sita akapandishwa kwenye ulingo walipolala wenzake. Kipi kilichobaki kilipunguzwa ncha kwa tupa ya kunolea. Ncha tu, kwa sababu ndani kina damu. Anachechemea hadi leo. Juma la saba tangu ajali, mama wa sita aliweka mayai 11 chini ya kuku anayeatamia, na siku ya saba ya kuatamia tuliyamulika kwa tochi chumbani gizani. Manane yalikuwa na mishipa myekundu kama mizizi.